Gari linalojiendesha likiona kitu lisichokielewa, kwa nini lisipunguze mwendo tu?

Mwalimu_Klachi

Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa udereva, yule mzee anayekaa kiti cha abiria na breki yake ya ziada chini ya mguu. Nina swali, na naomba mnijibu kwa Kiswahili cha barabarani, si cha maabara.

Somo langu la kwanza, kabla mwanafunzi hajaijua hata gia ya pili, ni hili: usichokielewa, kipunguzie mwendo. Mbele kuna kitu cheusi, hujui ni mfuko wa plastiki, ni shimo au ni mbwa aliyelala. Huna haja ya kulijua jina lake. Toa mguu kwenye mafuta, uweke juu ya breki, halafu ndipo uanze kujiuliza. Wapo wanaofanya kinyume. Wanakodoa macho, wanakunja uso, wanatafakari, na muda wote huo mguu wa kulia umelalia mafuta. Hao nawarudisha uwanjani hata kama wanazijua alama zote za barabarani kwa kichwa.

Sasa nimesoma habari za ajali ya Tempe, Arizona, ya Machi 2018. Gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo XC90, lilimgonga usiku mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku anasukuma baiskeli, akafariki. Siku zote nilidhani gari halikumwona. Kumbe lilimwona! Wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, walikuta kwamba rada ilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kugongwa. Gari lilikuwa kwenye kilomita 70 hivi kwa saa, ambayo ni mita 19 na kitu kila sekunde. Piga hesabu: zaidi ya mita 100. Kwenye lami kavu gari la namna ile, breki zikiuma sawasawa, linasimama ndani ya mita 30 hivi. Mwanafunzi wangu wa wiki ya pili angesimama na nafasi ya kunipigia soga ikabaki.

Kwa hiyo swali langu: kilishindikana nini hapo katikati? Na hawa wanaosema wanayaboresha magari haya, wanaboresha macho au wanaboresha busara?

Tafadhali msinijibu kwamba binadamu naye anaua. Najua. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na sina shaka wanafunzi wa walimu wenzangu wamo.

Jicho_la_Tatu

Mwalimu, tatizo ni sensa. Kamera usiku ni kipofu, rada haioni umbo. Weka lida za kutosha, zile zinazotupa miale na kupima umbali, kila pembe ya gari, mchezo umekwisha. Bei yake ikishuka utaona.

Kaa_Chonjo

Mkuu Jicho la Tatu, gari la Tempe lilikuwa na lida juu ya paa. Lilikuwa na rada na kamera pia. Tatizo lingekuwa macho, tungekuwa tumeshalimaliza.

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi ya kupima programu za magari haya, na sehemu ya kazi hiyo ni kukaa kwenye kiti cha dereva, mikono karibu na usukani, ukisubiri programu ikosee. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umegusa mahali penyewe.

Katika zile sekunde 5.6, kompyuta haikuwa kimya. Kwanza ilisema hiki ni gari. Halafu ikasema ni kitu kingine kisichojulikana. Ikarudi kwenye gari, ikaenda kwenye baiskeli, ikarudi kwenye kisichojulikana, ikaishia kwenye baiskeli. Ubaya hauko kwenye kubabaika, maana hata wewe usiku unaweza kubabaika. Ubaya ni kwamba kila ilipobadili jina ilifuta kumbukumbu ya wapi kile kitu kilikuwa kimetoka, kama mlinzi wa getini anayemwona mtu yuleyule mara nne na kila mara anamwandika mgeni mpya. Bila kumbukumbu ya alikotoka huwezi kukisia anakoelekea. Mtu anatembea kutoka kushoto kwenda kulia mbele yako, na kompyuta inaona kitu kilichozuka tu pale kilipo, kimesimama.

Pili, programu ile haikuwa imeandikwa ikiwaza kwamba mtu kwa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Soma tena sentensi hiyo, mwalimu, wewe unayefundisha barabarani.

Tatu, na hili ndilo jibu la swali lako lenyewe. Sekunde 1.2 kabla, kompyuta ilikubali hatimaye kwamba kuna baiskeli njiani na kwamba hatari ipo. Ikasubiri. Kulikuwa na kifungu kilichowekwa kwa makusudi: ukiona hatari ya kuhitaji breki kali, nyamaza sekunde moja kwanza, uhakikishe, au dereva msimamizi aingilie. Sekunde hiyo ilipokwisha zilibaki sehemu mbili za kumi za sekunde. Wakati huo mfumo wa breki za dharura ambao Volvo ilitoka nao kiwandani ulikuwa umezimwa, ili kompyuta mbili zisigombanie breki. Na msimamizi, kwa mujibu wa uchunguzi, alikuwa akitazama kipindi kwenye simu. Kabla ya hapo magari yale yalikuwa yakibeba wasimamizi wawili. Kampuni ilikuwa imepunguza akabaki mmoja.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu aandike kifungu cha kunyamaza sekunde moja? Kwa sababu ya kengele za uongo. Mvuke unaotoka kwenye mfuniko wa mtaro, kwa lida, ni ukuta. Kibao cha chuma juu ya barabara, kwa rada, kinaweza kuwa lori lililosimama. Kivuli cha daraja, kwa kamera, kinaweza kuwa chochote. Gari linalofunga breki kwa kila kimoja cha hivyo linapigwa nyuma kila siku, na abiria wanatapika. Ukiwa kwenye kiti kile utaichukia kila breki ya bure. Kuna siku nimeshuka na shingo inauma, na ningetia saini kifungu chochote cha kuipunguza. Shinikizo hilo ni la kweli, halitoki kwa wajinga.

Lakini dawa yake ndiyo unayoifundisha wewe. Programu za zamani zilijiwekea milango miwili tu: endelea kama kawaida, au funga breki. Ukishakuwa na milango miwili, utalazimika kutaka uhakika kabla ya kufungua wa pili. Mwelekeo mzuri ni kuuacha mwendo ushuke kadiri shaka inavyopanda, mapema na taratibu, bila kuliuliza jina lolote. Breki nyepesi ya bure kwa mita 80 haimuumizi mtu. Na siku hizi swali la "hapo pana kitu?" linatenganishwa na la "ni kitu gani?" Nafasi iliyo mbele inagawanywa vipande vidogo, na kila kipande kinawekewa alama ya kukaliwa au kuwa wazi. Kikikaliwa, hupiti, hata kama ni mnyama ambaye kompyuta haijawahi kuonyeshwa picha yake. Jina linakuja baadaye, kukusaidia kukisia atakwenda wapi.

Uber wenyewe baadaye walikiondoa kile kifungu cha sekunde moja, wakaziacha breki za Volvo ziwe macho, wakarudisha wasimamizi wawili. Mwaka 2020 wakakiuza kitengo chote cha magari hayo kwa Aurora, kampuni nyingine ya magari yanayojiendesha.

Kwa hiyo busara, mwalimu. Macho yapo.

Semitela

Naendesha lori lenye tela, tani 40 likijaa. Nasoma "breki nyepesi ya bure haimuumizi mtu" nacheka peke yangu. Mwambie anayekaa nyuma yako.

Nimewahi kuwa nyuma ya gari dogo la kisasa, barabara kuu, jua linawaka, mbele hakuna hata jani. Tulipokaribia daraja la juu likafunga breki lenyewe. Dereva alikuwa anashangaa kama mimi, nilimwona kwenye kioo chake cha kati amefungua mdomo. Niliponea kwenye bega la barabara. Kivuli, wananiambia.

Mwalimu anafundisha wenye gari dogo kupunguza mwendo wakiwa na shaka, sawa. Je, anawafundisha kutazama kioo kwanza?

Mwalimu_Klachi

Semitela, kioo ni somo la sifuri. Kabla ya somo la kwanza.

Kaa Chonjo, marahaba. Hilo la mtu asiyeruhusiwa kuvuka nje ya kivuko limeniondolea usingizi. Sasa nijibu hoja ya Semitela, maana ni ya haki: gari linapima shaka yake ya mbele, nani anapima hatari ya nyuma?

Kaa_Chonjo

Semitela yuko sahihi, na ameniwahi kwenye jambo nililotaka kulisema: kusimama si usalama. Ni kitendo kimoja tu kati ya vingi, na chenyewe kina hatari zake. Rada na kamera za nyuma zipo. Kinachotakiwa ni programu izihusishe katika hesabu ya breki: kama nyuma kuna lori la tani 40 umbali wa mita 15, shaka ileile ya mbele inahitaji jibu jingine, pengine kuachia mafuta mapema zaidi, pengine kuhama njia. Magari mengi ya kununua dukani yenye breki za dharura hayafanyi hesabu hiyo. Yanatazama mbele tu.

Kwa ubaya wa kusimama vibaya na kuondoka vibaya, tazameni San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023. Gari lililokuwa likiendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke anayevuka kwa miguu, likamrusha mbele ya gari lisilo na dereva la Cruise, kampuni ya teksi zinazojiendesha iliyokuwa ya General Motors. Gari la Cruise likamgonga, likasimama. Hadi hapo unaweza kulisamehe, maana hata dereva mzuri huenda asingemkwepa. Tatizo ni kilichofuata. Kompyuta ilitafsiri kwamba imegongwa ubavuni. Kanuni ya kugongwa ubavuni ilikuwa jitoe barabarani usizibe njia. Likaondoka kwenda kando huku mtu yuko chini yake, likamburuta kama mita 6. Alinusurika na majeraha mabaya.

Dereva yeyote aliyegonga mtu, jambo moja halifanyi: kusogeza gari kabla hajashuka kutazama. Si kwa sababu ya kanuni. Ni kwa sababu anajua hajui aliko yule mtu. Kompyuta ilikuwa na jibu lisilo sahihi na haikuwa na shaka hata kidogo. Hapo, mwalimu, ndipo ninapoona kazi kubwa iko. Gari linalobabaika linaweza kufundishwa kupunguza mwendo. Gari linalojiamini kimakosa halijui kwamba ni wakati wa kuuliza.

Mamlaka ya magari ya California ilisimamisha vibali vya Cruise tarehe 24 mwezi huohuo, na sababu moja ilikuwa kwamba kampuni haikuwaeleza maofisa vizuri kuhusu kule kuburuta. Desemba 2024 General Motors walitangaza kuacha kugharamia teksi hizo. Kwangu mimi taarifa ya ajali inayotolewa kamili na mapema ni kifaa cha usalama sawa na breki. Tangu Juni 2021 Marekani inawalazimisha watengenezaji kuripoti ajali za magari haya kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na mengi tunayoyajadili hapa yasingejulikana bila amri za namna hiyo.

Fimbo_Nyeupe

Samahanini kuingilia. Mimi sioni, kisomaji cha simu ndicho kinachonisomea haya. Kwa watu kama mimi magari haya ni ahadi kubwa kuliko kwa yeyote hapa, kwa hiyo msiyachimbie kaburi mapema.

Lakini mimi pia ndiye mtu wa kwanza mbele ya bampa. Mengi ni ya umeme, hayaungurumi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inayataka magari ya umeme yatoe sauti yakiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, na inasaidia. Ila sauti inaniambia gari lipo. Hainiambii kama limeniona. Dereva mtu akisimama kunipisha husema "pita", au hupiga honi kidogo, au abiria wake huniita. Gari tupu linasimama, nami nimesimama, tunangojana. Mara linaondoka.

Kaa Chonjo, je, kompyuta inaijua fimbo nyeupe? Inajua kwamba mimi sitaliangalia, hata nikigeuza uso upande wake?

Kaa_Chonjo

Karibu sana. Fimbo yenyewe ni nyembamba; kwa lida kwa mbali ni nukta chache. Wewe unaonekana kirahisi, fimbo ndiyo inayoweza kupotea. Na umegusa kosa ambalo nimeliona kwenye majaribio: baadhi ya programu hukisia nia ya mtu kwa mwelekeo wa kichwa. Kichwa kikigeukia gari, inahesabiwa kwamba mtu ameliona na atasubiri. Kwako wewe hesabu hiyo ni ya hatari. Mtoto mdogo naye hutazama gari na bado akakimbia. Msimamo wangu ni kwamba kutazamwa kusihesabiwe kamwe kama ruhusa ya kupita. Nilibishana sana juu ya hilo kazini, na si kila mara nilishinda.

Kuhusu kuongea na aliye nje, wapo wanaojaribu taa na maandishi kwenye kioo cha mbele. Hayo hayakusaidii wewe hata kidogo, na wanaoyabuni wanahitaji kuambiwa hivyo na watu kama wewe, kwa sauti kubwa.

Jicho_la_Tatu

Sawa nimekubali kuhusu lida. Lakini hamuoni kwamba haya yote yataisha yakishatembea kilomita za kutosha? Kompyuta hujifunza.

Kaa_Chonjo

Ngapi zinatosha? RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilipiga hesabu hiyo mwaka 2016. Marekani kifo cha barabarani hutokea kama kimoja kwa kila maili milioni 100. Ili uthibitishe kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba gari lako halizidi kiwango hicho, lazima litembee maili milioni 275, karibu kilomita milioni 440, bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakitembea usiku na mchana yangehitaji zaidi ya miaka 12. Na ukibadilisha programu katikati, unaweza kuulizwa kama kilomita za nyuma bado ni za gari lilelile. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kupima inafanyika kwenye barabara za kuigiza ndani ya kompyuta na kwenye viwanja, ambako unaweza kumfanya mtu avuke nje ya kivuko mara elfu, kila mara kwa mwendo na mwanga tofauti.

Jambo jingine la ajabu la mashine hizi. Desemba 2023 mjini Phoenix, gari la Waymo, kampuni nyingine ya teksi zinazojiendesha, liligonga gari la mizigo lililokuwa likivutwa vibaya, limekaa mshazari, uso ukitazama nyuma. Dakika chache baadaye Waymo jingine likaligonga lilelile. Kompyuta zilikisia litaelekea linakotazama, si linakovutwa. Dereva wa pili akiwa binadamu ana kichwa chake mwenyewe. Magari haya yana kichwa kimoja. Kampuni ikasahihisha programu kwa magari yote, na hapo uzuri nao unaonekana: mwalimu hawezi kuwasahihisha wanafunzi wake wote wa zamani kwa mara moja.

Mwalimu_Klachi

Ningependa sana kuweza, mwanangu.

La mwisho, maana ndilo linalonilipa mshahara. Wanafunzi wanakuja na magari ya nyumbani yanayojishikilia katikati ya njia na kufuata la mbele. Wanaachia usukani wananitazama, wanatabasamu. Niwaambie nini?

Kaa_Chonjo

Waambie hayo hayajiendeshi. Kwenye ngazi za kujiendesha za SAE, chama cha wahandisi wa magari, zinazoanzia 0 hadi 5, hiyo ni ngazi ya 2: gari linasaidia, dereva ni wewe kila sekunde. Mei 2016 huko Florida, Tesla iliyokuwa kwenye Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva, iliingia chini ya tela la lori lililokuwa likikatisha barabara kuu, dereva akafa. Si gari wala mtu aliyegusa breki. Katika dakika 37 za Autopilot, usukani ulihisi mikono yake kwa sekunde 25.

Kumtaka mtu asifanye chochote na bado awe tayari ni kumtaka kitu ambacho binadamu hakiwezi vizuri, kwa hiyo ukali peke yake hautoshi. Kamera inayotazama macho ya dereva ni bora kuliko usukani unaopima uzito wa mkono, maana watu huutundikia uzito. Desemba 2023 Tesla waliyaita magari takriban milioni 2 ya Marekani kurekebisha ukaguzi wa dereva baada ya NHTSA kuona hautoshi. Hata kwa ngazi ya 3, ambapo gari linaruhusiwa kuwajibika kwa muda, kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 157 inampa dereva sekunde 10 za kupokea usukani kabla gari halijaanza kujisimamisha lenyewe. Kwa kilomita 60 kwa saa hizo ni zaidi ya mita 160. Ngazi ya 2 haikupi hata moja.

Fanya hivi kwenye somo. Uwanjani, mfumo ukiwa umewashwa, mwambie mwanafunzi aachie usukani kama anavyopenda. Wewe weka sanduku tupu la karatasi njiani, dogo, la kimo cha goti. Mara nyingi gari litalipitia. Halafu anza kumfundisha.

Semitela

Na nyuma yake asiwepo mtu, mwalimu.

Mwalimu_Klachi

Sanduku ninalo. Nitaleta majibu hapa, kwa magari ya aina tofauti kadiri yatakavyokuja.